Gari Likauke Bila Madoa Wala Matone

Ukiniletea gari saa saba mchana mwezi wa Januari, injini ikiwa bado ina moto wa kutoka Gilgil, siligusi. Naweka kiganja juu ya boneti kwanza. Nikishindwa kukiacha pale hadi nihesabu kumi, gari linaingia chini ya mabati, boneti inainuliwa kidogo joto litoke, na tunangoja. Wako wanaonung'unika, hasa wenye safari ya Eldoret mbele yao, na ninawaelewa. Lakini kazi yangu hapa Free Area, Nakuru, ni kukausha magari yaliyooshwa, na boneti yenye moto hukausha maji kabla mkono wangu haujafika. Maji yakijikausha yenyewe ndipo madoa yanapozaliwa.

Fungua birika la chai nyumbani kwako utazame chini yake. Ule ukoko mweupe ndio uleule unaokaa kwenye rangi ya gari. Sehemu kubwa ya maji ya Nakuru hutoka visima virefu, na maji hayo yamelala ndani ya miamba ya volkano ya Bonde la Ufa yakabeba madini. Floraidi iliyomo ndiyo iliyowatia wengi wa huku rangi ya kahawia kwenye meno tangu utotoni. Tone likikauka, maji hupaa na madini hubaki. Tena tone hukauka likianzia ukingoni, kwa hiyo madini hukimbilia pembeni na kuacha pete. Kwenye Probox nyeupe huioni ile pete mpaka uinamie. Kwenye gari jeusi au la buluu nzito, unaiona ukiwa ng'ambo ya barabara.

Basi lengo lote ni hili: maji yaondoke kwenye gari yakiwa bado maji. Osheni asubuhi kabla ya saa nne au jioni jua likishalegea. Mji huu uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na jua lake huuma hata siku ambayo watu wamevaa masweta. Kivuli cha mabati ni bora kuliko cha mti. Mjakaranda unapendeza, lakini ukianza kuchanua humwaga maua juu ya gari, na ua likilowa linaganda. Na upepo wa mchana unapoanza kutimua vumbi, acha kabisa. Vumbi likitua juu ya gari bichi unakuwa umepaka tope.

Kisha suuza ya mwisho, ambayo wengi huifanya kwa mashine ya presha. Presha ni nzuri kwa kuondoa sabuni, ila inapasua maji vipande vipande na kuacha maelfu ya matone yaliyotawanyika, kila moja likingoja kuwa pete. Ukishamaliza na presha, chukua paipu ya kawaida, vua kile kichwa cha mbele, na uyaache maji yatiririke polepole bila nguvu. Anzia katikati ya paa. Sogeza mdomo wa paipu karibu na bati bila kuligusa, maji yashuke kama shuka moja. Utayaona yakijivuta, yakibeba matone yaliyo njiani, na nyuma yake rangi inabaki karibu kavu. Fanya hivyo paa, vioo, boneti, buti, halafu ubavu mmoja mmoja. Gari lililopakwa waksi hutii zaidi, kwa sababu maji hayapati pa kushika. Gari ambalo halijaona waksi tangu litoke Mombasa bandarini utalikausha kwa jasho, hilo nakwambia mapema.

Sasa kitambaa. Nguo kuukuu za pamba, fulana za kampeni, kanga iliyochoka, zote ziache kwa rimu na sakafu. Mishono na vifungo vyake vinakwaruza. Nunua maikrofaiba, yaani taulo za nyuzi nyembamba sana, kubwa, nene, zenye manyoya marefu, za kutosha gari moja bila kulazimika kukamua kila dakika. Mbili kubwa za mwili, moja ndogo ya vioo, na nyingine ya rangi tofauti kabisa kwa sehemu za chini na rimu, isije ikachanganyika na zile za juu. Ile ngozi laini ya manjano wanayouza vijana kwenye taa za barabarani inakausha, lakini ni bapa, haina manyoya. Chembe ya mchanga ikiingia chini yake haina pa kujificha, inaburutwa juu ya rangi. Na vumbi letu la huku limetokana na majivu ya volkano, lina chembe kali. Kwenye manyoya marefu chembe huzama ndani, mbali na rangi.

Lowesha kitambaa kidogo kisha ukikamue vizuri kabla ya kuanza. Maikrofaiba kavu kabisa inachelewa kunywa.

Juu ya paa na boneti sisugui. Nakitandaza kitambaa kizima kama natandika meza, nakipigapiga kwa kiganja, nakiacha kidogo kinywe, halafu nashika pembe mbili na kukivuta kuelekea kwangu taratibu. Hakuna kukandamiza. Uzito wa kitambaa chenyewe unatosha. Nyuma yake unabaki unyevu mwembamba kama pumzi kwenye kioo, na unyevu huo unapotea wenyewe kabla sijageuka. Ubavuni, ambako kitambaa hakitandiki, nakikunja mara mbili kuwa pande nne ndogo na kupitisha kwa mstari ulionyooka, kutoka juu kwenda chini, nikigeuza upande mpya kila unapolowa. Kukausha kwa kuzungusha mkono ndiko kunakoacha ile mistari ya buibui unayoiona jua likipiga. Kitambaa kikianguka chini, hata kama ni kwa sekunde moja, kazi yake kwa siku hiyo imekwisha. Kijana mgeni hapa kazini hilo ndilo jambo la kwanza ninalomfundisha, na sirudi nyuma kwa hilo.

Mpangilio ni paa, vioo, boneti, buti, milango, chini ya milango, bampa, rimu mwisho. Maji hushuka, kwa hiyo nawe shuka nayo.

Hapo wengi hudhani wamemaliza, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo.

Jumamosi tunapokea magari ya harusi. Gari jeupe limekauka, limeng'aa, limefungwa utepe, linaondoka. Kabla halijafika Lanet, kutoka chini ya kila kioo cha pembeni kumeshuka mstari wa maji mlangoni, vumbi limeushika, na sasa ni mchirizi wa kahawia juu ya mlango ambao bibi harusi ataushukia mbele ya kamera. Maji yale hayakutoka mbinguni. Yalikuwa yamejificha ndani ya nyumba ya kioo, nyuma ya kile kipande kinachozunguka, na upepo wa barabarani ndio ulioyatoa.

Kwa hiyo kabla sijagusa kitambaa, baada tu ya suuza, nayatoa maji mafichoni. Kioo cha pembeni nakikunja ndani na nje mara kadhaa, kisha nakipigapiga chini kwa kiganja. Halafu nakisukuma upande wa juu kwa kidole ili mwanya wa chini ufunguke, naingiza ncha ya kitambaa kidogo na kuiacha inyonye. Ukiwa na blowa ya kupuliza, ile ya bustani au ya fundi wa kompyuta, hapa ndipo thamani yake inapoonekana. Puliza nyuma ya kioo, kuzunguka taa za nyuma, kwenye vishikio vya milango, nyuma ya namba ya gari, kwenye herufi za jina la gari, na kwenye ule mpira mrefu unaoshika kioo cha dirisha chini. Compressor ya kujazia matairi inafaa pia, mradi usielekeze mdomo karibu sana na mipira na stika. Usiye na chochote cha kupuliza, tumia kona ya kitambaa na subira.

Reli za paa kwenye magari kama Fielder huficha maji mengi kwenye miguu yake. Waipa ziinue, uzifute zenyewe pamoja na mahali zinapolala. Kile kifereji chini ya waipa, kati ya boneti na kioo cha mbele, kiondoe majani yaliyokusanyika, kwa maana yanazuia maji kutoka.

Kisha fungua kila kitu: milango yote, buti, na kifuniko cha tangi la mafuta. Futa kizingiti cha mlango, futa ukingo wa ndani, futa mpira wote kuzunguka. Buti ukiinua, maji yaliyokuwa kwenye mfereji wake hushuka pembeni na kuangukia taa za nyuma, kwa hiyo ukikausha taa kabla ya kufungua buti umejipa kazi mara mbili. Chini kabisa ya kila mlango, upande wa ndani, kuna matundu madogo. Ni ya kutolea maji yanayoingia mlangoni kupitia dirishani, na yanaingia siku zote, gari likiwa jipya au kuukuu. Pitisha kidole. Yakizibwa na vumbi, maji hukaa ndani ya mlango na kutu huanza mahali usipopaona, hadi rangi ivimbe. Mzee mmoja mwalimu aliwahi kuniuliza, "Kijana wangu, mbona mlango wangu unalia maji kila ninapokata kona?" Nilitoa vijiti vya kiberiti viwili, nikakwangua tundu taratibu, na maji ya kahawia yakamwagika kwenye kokoto, ya kutosha kujaza kikombe. Alikaa kimya kidogo, akaniambia nifungue na mingine mitatu.

Baada ya hapo, kama gari ni lako, liendeshe. Zunguka mtaa mmoja, funga breki kwa nguvu ya kiasi mara chache mahali salama, rudi kivulini. Maji yaliyobaki kwenye mianya yatakuwa yametoka, nawe unayafuta kwa kitambaa chepesi. Breki nazo zinakauka. Diski zilizolowa hupata kutu nyembamba ya rangi ya chungwa kwa muda mfupi, na breki za kwanza huisugua ikaisha. Lakini gari likilala na breki mbichi huku handibreki imevutwa, asubuhi viatu vya breki vinaweza kuwa vimegandamana na drumu.

Kwa gari jeusi, au kwa mwenye kupenda gari lake kupita kiasi, kuna hatua moja ya ziada. Vituo vya mafuta huuza maji ya betri, yale yaliyotolewa madini. Weka kwenye chupa ya kupulizia, nyunyiza boneti, paa na buti baada ya suuza, kisha kausha. Tone lake ukilisahau likakauka, haliachi kitu, kwa kuwa hamna kilichobaki cha kuacha. Ila soma lebo mara mbili. Rafu hiyohiyo huweza kuwa na asidi ya betri kwenye chupa inayofanana, na hiyo inachoma ngozi, macho na rangi. Maji ya mvua kutoka tangi safi nayo yana madini machache sana kuliko ya kisima. Ukiwa nayo, yatunze kwa ajili ya suuza ya mwisho badala ya kuyamaliza kwenye sabuni.

Na kama madoa tayari yapo? Osha gari kwanza kwa sabuni, likaushe, ulipeleke kivulini likiwa limepoa. Changanya siki nyeupe na maji ya betri nusu kwa nusu, lowesha kitambaa, kilaze juu ya doa kwa dakika moja au mbili. Usiache siki ikauke. Suuza kwa maji mengi, futa. Pete ikiondoka, ilikuwa juu ya rangi tu. Paka waksi upya mahali hapo, kwa sababu siki inaondoa ile ya zamani. Pete ikibaki na ukipitisha ukucha unahisi kishimo, madini yameshakula klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi. Siki haitasaidia tena hata ukiirudia wiki nzima. Hapo panahitaji polishi ya kusugua na mkono wa fundi, na klia ni nyembamba, haivumilii kusuguliwa kila mwezi. Kwenye vioo vya gari siki hiyohiyo inafaa, lakini usiimwage kwenye mipira wala rimu za alumini zilizochubuka.

Vitambaa vifue peke yake, mbali na nguo za pamba, maana maikrofaiba huokota nyuzi na kesho utazikuta kwenye kioo. Tumia sabuni kidogo ya maji, maji vuguvugu, suuza mpaka povu liishe. Usitie dawa ya kulainisha nguo, inafunika nyuzi kwa mafuta na kitambaa kinaacha kunywa. Usipige pasi. Anika kivulini, mbali na barabara ya vumbi, halafu kunja na uweke kwenye ndoo yenye kifuniko, vya juu kwenye ndoo yake na vya rimu kwenye yake.