Kraki umeshaiwasha? Anza na haya kabla hujampigia fundi

Nina kibanda cha kutengeneza kompyuta hapa Mwanjelwa, Mbeya. Kwa miaka mingi flashi yangu ndiyo ilikuwa duka lenyewe: windo (yaani Windows), programu za ofisi, za kuhariri picha na video, za kuchora ramani za nyumba, kila moja na kraki yake pembeni, yaani kile kiprogramu cha kuifungua bila kulipia leseni. Mtu akija na "fundi nipigie windo, uniwekee na vitu vyote", nilichomeka flashi, nikazima antivirusi, nikaendelea na chai yangu.

Siku moja mama mmoja, mwalimu, akateremka na daladala kutoka upande wa Tukuyu, laptopu ameifunga kwenye kitenge. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba. Mwanangu, ripoti za kidato cha nne zimegeuka." Nikafungua. Kila faili lilikuwa limeongezewa herufi nne mwishoni, hakuna lililofunguka, na ndani ya kila folda kulikuwa na faili moja jipya: _readme.txt. Humo waliofunga mafaili wanadai dola 980, ukiwahi ndani ya saa 72 unalipa 490.

Nikamuuliza aliwasha nini. Akanitazama. Jana yake programu ya picha ilikuwa imegoma, akanipigia, nami nikamtumia linki ya kraki kwa WhatsApp. Na kwa mdomo wangu nilimwambia: "Zima antivirusi kwanza, mwalimu." Alipoibonyeza likatokea dirisha la apdeti ya Windows, linamwambia asizime kompyuta. Akaiacha, akaenda kupika. Lile dirisha lilikuwa la uongo. Kirusi hicho, STOP/Djvu, hulionyesha makusudi ili mtu akae mbali na mashine wakati mafaili yanafungwa kwa ufunguo wa siri, moja baada ya jingine.

Basi kama umeshabonyeza, fuata hivi, kwa mpangilio huu huu.

Hatua ya 1. Kata intaneti. Zima Wi-Fi, zima hotspoti ya simu, chomoa modemu. Ukiona mafaili yanabadilika majina mbele ya macho yako, usihangaike kufunga programu kistaarabu: kandamiza kitufe cha kuwashia mpaka mashine izime kabisa. Chomoa flashi na diski ya nje. Na tafadhali usichomeke flashi nyingine "ili kuokoa picha", maana kirusi cha aina hii kinafunga kila diski kinayoikuta imeunganishwa.

Hatua ya 2. Shika simu, si laptopu. Hapa ndipo wateja wangu wengi wanakosea. Kwa sababu skrini imetulia na mafaili yanafunguka, wanasema "hamna kitu, fundi". Kraki nyingi hazifungi mafaili hata kidogo. Zinabeba mwizi wa nywila: RedLine, Vidar, Raccoon na wenzake. Mwizi huyo anakwenda moja kwa moja kwenye brauza, anachukua nywila zote ulizoiambia ikukumbushie, anachukua na kuki, anatuma kila kitu kwa mwenye kumtuma. Dakika chache tu. Wengine wakimaliza wanajifuta, ukiskani kesho hukuti kitu. Oktoba 2024 polisi wa Uholanzi wakishirikiana na wenzao wa Marekani na nchi nyingine walizima seva za RedLine, lakini biashara yenyewe haijafa.

Kuki ndiyo inayouma. Ni ile alama inayofanya Facebook isikuulize nywila kila ukifungua. Aliyeiiba anaweza kuingia kama wewe, bila nywila na bila namba ya uthibitisho ya SMS. Kwa hiyo kubadili nywila peke yake hakutoshi. Anza na barua pepe, maana ndiyo inayofungua vingine vyote: badili nywila, kisha ingia kwenye orodha ya vifaa na uvitoe vyote. Baada ya hapo kurasa za biashara, kisha WhatsApp, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, toa kompyuta zote. PIN ya pesa za simu haikai kwenye laptopu, ila nimeshakuta watu wameiandika kwenye Notepad, faili likiitwa "PIN". Kama ni wewe, ibadili leo.

Hatua ya 3. Sasa rudi kwenye laptopu, intaneti bado imekatwa. Fungua Windows Security, ingia "Virus & threat protection", kisha "Manage settings", shuka chini mpaka "Exclusions". Hii ni orodha ya mahali ambapo antivirusi imeambiwa isiangalie. Kwa mtu wa kawaida inatakiwa kuwa tupu. Kwenye mashine ya mwalimu nilikuta mstari mmoja tu: C:\. Yaani diski nzima! Mlinzi yupo getini, anaonyesha alama ya kijani, na ameagizwa asiangalie nyumba. Futa kila usichokijua hapo.

Hatua ya 4. Palepale kwenye "Virus & threat protection" ingia "Scan options", chagua skani ya "Offline". Mashine itajizima na kujiwasha, itaskani kabla Windows haijaamka, kama robo saa hivi. Chaji betri kwanza, umeme wetu unaujua.

Hatua ya 5. Kama mafaili yamefungwa, usilipe, na usiyafute. Fungua C:\SystemID, utakuta faili PersonalID.txt. Tazama herufi mbili za mwisho za namba iliyomo. Zikiwa t1, maana yake kirusi hakikufika kwenye seva yake kikatumia ufunguo wa akiba, ambao ni mmoja kwa wahanga wote wa toleo hilo, na upo uwezekano wa kuyafungua. Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa kifungulio cha bure kilichogusa matoleo 148. Kipakue kwenye tovuti yao wenyewe au kupitia nomoreransom.org, si penginepo: mwaka 2020 kilisambaa kifungulio feki cha STOP ambacho chenyewe kilikuwa kirusi, kikayafunga mafaili mara ya pili juu ya kufuli la kwanza.

Namba ya mwalimu haikuishia na t1. Lakini STOP huharibu kilobaiti 150 tu za mwanzo wa kila faili. Ripoti ya Word ya kurasa mbili imekwenda yote. Faili la zip lenye vitu vingi mara nyingi linapoteza kile cha kwanza tu. Yeye alikuwa na zip moja ya muhula uliopita aliyowahi kumtumia mwenzake. Tukaokoa orodha za majina, alama akaziingiza upya kutoka kwenye karatasi, usiku tatu. Sikumtoza. Hakunishukuru pia, na alikuwa na haki.

Hatua ya 6. Piga windo upya. Skani ikisema safi, mimi bado napiga. Tumia kompyuta nyingine iliyo salama, flashi tupu ya GB 8 au zaidi, pakua windo kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe. Kutoka mashine ya zamani chukua nyaraka na picha tu, usibebe chochote kinachoishia na .exe. Na hili mafundi wengi hatuwaambii: laptopu nyingi za mtumba zilizotoka kiwandani na Windows 10 au 11 zina leseni ndani ya ubao mkuu wa mashine (motherboard). Ukiweka toleo lilelile, Home kwa Home, Pro kwa Pro, ikiguswa na intaneti inajiamsha yenyewe, yaani leseni inatambulika bila kraki. Nilikuwa natoza watu kraki ya kitu ambacho walishakinunua. Hata isipojiamsha, itafanya kazi. Utaona maandishi kwenye kona na hutabadilisha picha ya skrini. Angalia tu usirudi Windows 10 bila kufikiri, maana msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025.

Mkikuta kraki nyingine mbele ya safari, itazameni hivi. Faili limefungwa kwa nywila na nywila imeandikwa pembeni yake: hiyo ni kwa ajili ya antivirusi isione ndani. Umepakua MB 8, ukifungua inakuwa MB 700: imejazwa sifuri ili iwe nzito kuskaniwa, maana hata VirusTotal, tovuti ya kukagulia mafaili, haipokei faili linalozidi MB 650. Na ile "zima antivirusi kwanza" ni mgeni wa usiku anayetaka mbwa afungwe kabla hajataja jina.

Hatua ya 7. Weka mbadala. LibreOffice kwa ofisi, GIMP kwa picha, Inkscape kwa michoro, Kdenlive kwa video. Zote bure, chukua kwenye tovuti zao. GIMP itakukera wiki ya kwanza, sikufichi. LibreOffice inalalamikiwa kitu kimoja, kwamba jedwali la ripoti linahama likifunguliwa kwa mkuu wa shule. Mara nyingi kosa ni fonti: weka Carlito mahali pa Calibri na Caladea mahali pa Cambria, upana wa herufi ni uleule. Kisha hifadhi kwa .docx. Mwalimu alituma ripoti za muhula uliofuata kwa namna hiyo, na mistari ilikaa.