Kupanga rosta kituo cha afya chenye stafu pungufu, bila watu kukukimbia

Kama umepewa barua ya uinchaji, yaani ukuu wa kituo, juzi juzi na kituo chako kipo huku milimani, iwe Rungwe, Makete, Kilolo au Ileje, basi kabla hujazoea hata funguo za ofisi utagongewa mlango sa kumi na mbili asubuhi, nje ukungu bado umetanda, stafu kajitanda kanga anakwambia inchaji, mi leo nait siwezi. Karibu sana, ndo kazi yenyewe hiyo.

Ajira hutoi wewe, mshahara hupangi wewe, kumfukuza mtu huwezi. Ulichonacho mkononi ni muda wa watu, yaani nani aingie lini, nani alale lini, nani aende kwao lini. Mi huu mwaka wa 9 nipo kwenye kiti hiki upande wa Tukuyu na ugomvi mwingi niliosuluhisha, ukiufukua mpaka chini unakuta ulianzia kwenye rosta, ile ratiba ya zamu. Kwaiyo ntakaa sana kwenye rosta, mengine ntapita tu.

Anza na hesabu, majina baadae. Mwongozo wa ikama (idadi ya watumishi wanaotakiwa) wa 2014 ulitaka zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15 na kituo cha afya wasiopungua 39. Sasa jihesabu. Sisi tulikuwa 17, na hapo nimemhesabu mlinzi. Chanzo kinajulikana, toka MMAM, ule mpango wa maendeleo ya afya ya msingi, ilivyoanza 2007 na lengo la zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, majengo yamekuwa yakiota haraka kuliko watu wanavyoajiriwa, jengo mkandarasi anamaliza ndani ya mwaka ila mkunga hafyatuliwi kama tofali. Ukishalikubali hilo unaacha kuwalaumu stafu kuwa wavivu.

Haya chukua karatasi. Mwaka una wiki 52, siku 5 kila wiki, hizo ni siku 260 za kazi. Toa likizo ya mwaka, siku 28 lakini ndani yake kuna wikendi kwaiyo za kazi ni 20. Toa sikukuu zinazoangukia siku za kazi, weka 14. Toa kuumwa, misiba na semina, weka 8 (huku kwetu hiyo 8 ni ya kujipa moyo). Zinabaki 218, zidisha masaa 8 unapata masaa 1,744 ambayo mtu mmoja anaweza kukufanyia kazi kwa mwaka. Sasa geukia leba, chumba cha kujifungulia. Leba haifungwi, masaa 24 mara siku 365 ni masaa 8,760. Gawa kwa 1,744, jibu ni 5 na kidogo. Maana yake kiti kimoja cha leba, mtu mmoja tu awepo muda wote, kinataka wakunga watano. Mi nilikuwa nao watatu. Watatu wakikibeba wenyewe kila mmoja anapiga masaa 56 kwa wiki, mwaka mzima, bila likizo hata siku moja, wakati sheria ya kazi inasema 45. Siku nilipomaliza hiyo hesabu nilimuita sista mmoja niliyemwandikia barua ya kujieleza kwa kusinzia zamu ya usiku nikamuomba radhi, na ile barua nikaichana mbele yake.

Fanya hesabu hiyo kwa kila kiti, wodi, maabara, dirisha la dawa, kliniki ya mama na mtoto. Utaona palipozidi na palipochanika. Kwetu kliniki ilikuwa na wauguzi watatu wanaomaliza kazi sa nane mchana, na leba hapo hapo mlango wa pili watu wanazimia kwa uchovu. Nikawaingiza wa kliniki kwenye mzunguko wa leba, mmoja mmoja, wiki mbili za kwanza anakaa na mkunga mzoefu mchana ndo anaingia usiku. Walinuna. Mmoja alininyima salamu mwezi mzima. Usiku nao leba na wodi ya wazazi nikavifanya kiti kimoja chenye muuguzi mmoja na mhudumu wa afya mmoja, tabibu analala nyumbani ila anaitwa. Mhudumu awe mikono ya kusaidia na miguu ya kukimbia kuita, asiwe ndo mzalishaji, hapo usilegeze hata kama anajua kuliko wewe.

Sasa rosta yenyewe. Itoke tarehe 25 ya mwezi kabla, ibandikwe ukutani ndo baadae uipige picha uitupie kwenye grupu la wasap. Ikianzia wasap tu kuna mtu atakwambia bando liliisha. Ya kwangu ni manila kubwa nyuma ya mlango wa chumba cha chai, imechorwa kwa rula, A asubuhi, M mchana, U usiku, O ofu, L likizo, na naandika kwa penseli wiki ya kwanza yote. Wiki hiyo watu wanabadilishana wenyewe kwa wenyewe, anayetaka kubadilisha anakuja na mwenzake aliyekubali, wote wawili wanasaini pembeni, ndo nafuta. Ikishapigwa peni ya bluu imeisha, labda msiba au homa.

Kuna mambo kwenye rosta usiyaguse hata ukibanwa vipi. Mtu akitoka usiku asipangiwe mchana wa siku hiyo hiyo, sheria inampa masaa 12 ya kupumzika katikati na masaa 24 mfululizo kila wiki. Usiku usizidi mitatu mfululizo, hilo ni langu sio la sheria, nimeona makosa ya dozi yanakuja usiku wa nne. Mjamzito aliyebakiza miezi miwili kujifungua hapangiwi usiku, na akishajifungua miezi miwili vile vile, na hapo usiku unahesabiwa kuanzia sa mbili mpaka sa kumi na mbili asubuhi. Likizo ya uzazi ni siku 84, mapacha 100. Akirudi ana haki ya mpaka masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha, kwaiyo mweke zamu ya asubuhi na kiti ambacho akitoka lisaa mtu mwingine anakishika, usimweke peke yake dirisha la dawa alafu uje ulalamike foleni. Nusu ya kituo chako ni mabinti, ongea nao mapema. Mi nilijenga kaheshima ka stafu kuniambia ujauzito kabla hata mama mkwe hajajua, kwa sababu waliona anayesema mapema anapangiwa vizuri.

Alafu acha huu mchezo wa kusema fulani hana mtoto wala mume ndo achukue usiku mwingi. Niliufanya mwaka wangu wa pili. Binti alikuwa mpole, hakatai, nikampa usiku 11 kwa mwezi wakati wenzake 7, mezani kwangu rosta inapendeza kweli. Siku moja nimefungua daftari la mahudhurio kupiga ule mstari mwekundu wa sa moja na nusu, nakuta kajiorodheshea usiku zake zote kwa herufi ndogo ukurasa wa mwisho, mwezi kwa mwezi, na pembeni yake zangu na za wenzake. Hajawai kuniambia neno. Miezi miwili baadae kaomba uhamisho, na alikuwa mkono bora kuliko wote kwenye kuzuia damu baada ya kujifungua. Toka hapo chini ya rosta kuna mstari unaojumlisha usiku, wikendi na sikukuu za kila mtu toka Januari, kila mtu aone. Wa kwangu pia upo. Inchaji asiyeingia usiku hata mara mbili kwa mwezi asitegemee kusikilizwa.

Likizo panga Januari. Wote watataka Desemba, sawa, gawa kwa zamu, aliyekula Krismasi mwaka huu mwakani anakula Pasaka. Nauli ya likizo serikalini inakuja mwaka mmoja inaruka mwingine, angalia mwaka wa mtu wenye nauli ndo umpe muda anaoutaka, wa kwao Musoma usimpe wiki moja moja kama anaenda Uyole kununua viazi.

Misiba ni somo lenyewe. Sheria inatoa siku 4 za kufiwa na ndugu wa karibu au kuuguza mtoto, na msiba wa Kinyakyusa siku 4 ndo kwanza watu wanafika. Ukimbana ataenda tu, alafu ataugua akirudi. Sisi tuna utaratibu wa deni, siku zilizozidi mwenzake anamshikia, zinaandikwa kwenye daftari, atalipa kwa zamu ndani ya miezi mitatu. Halmashauri hawahitaji kujua, ila deni liandikwe, deni la mdomo linazaa uadui.

Kwenye hela ntasema kifupi. Posho ya kuitwa kazini na ya masaa ya ziada inatoka kwenye makusanyo na inachelewa, hilo watu wanalivumilia, wasichovumilia ni kutojua. Bandika mwezi huu papo kwa papo (hela wanazolipa wagonjwa hapo hapo) imeingia ngapi, bima imerudisha ngapi, kamati ya kituo imepitisha ngapi za posho, nani kaitwa mara ngapi. Siku ya kwanza kubandika nilikuwa natetemeka, ila minong'ono kwamba inchaji kanunua shamba la parachichi kwa hela zetu iliisha wiki hiyo hiyo. (Shamba ninalo, la urithi.)

Na tukiwa kwenye parachichi, kila stafu wako ana kitu pembeni, shamba, duka la dawa muhimu, bodaboda, kuku. Usijifanye hujui. Muulize msimu wako wa kuvuna lini, mkusanyie ofu zake zikae pamoja, atakulipa kwa kuwepo siku zake zote zingine. Ila akianza kuwaambia wagonjwa dirishani hatuna dawa nendeni pale kwangu, hapo rosta haihusiki tena, hapo ni nidhamu. Mwite peke yake kwanza, mlango ufungwe, akirudia barua, akirudia tena taarifa kwa DMO, mganga mkuu wa wilaya, na wewe unakaa pembeni, maamuzi ni ya mwajiri. Utoro nao, siku 5 bila ruhusa ni kosa linaloweza kumtoa mtu kazini, kwaiyo siku ya pili tu piga simu, siku ya tatu tuma mtu nyumbani kwake. Mmoja tulimkuta kalala na malaria kali, simu imezima, jirani hana habari.

Mpya akiripoti, wiki ya kwanza ndo inaamua atakaa au ataingia ESS, mfumo wa watumishi mtandaoni, kuomba uhamisho kabla hata ya kuthibitishwa. Kijana wetu wa maabara alishuka kwenye Noah mwezi wa sita katokea Tanga, shati la mikono mifupi, sandozi, begi moja, mvua ile ya kwetu nyembamba isiyokatika. Posho ya kujikimu haijaingia. Nilimchukua mpaka kwa mama muuza duka nikamdhamini, mchele, mafuta, sabuni na blanketi zito, jioni nikampeleka kwa mtendaji akamtambulisha, Jumapili akawa kwaya. Yupo mpaka leo, na anaamkia watu kwa Kinyakyusa kuliko mimi. Nyumba za kituo zikiwa mbili, wape wanaoitwa usiku, mkunga na mtu wa nusu kaputi. Inchaji kapange mtaani.

Wanaojitolea wakisubiri ajira usiwafanye punda. Leseni iwe hai, ikague mwenyewe na tarehe ya kuisha, waandikie barua, wape hata hela ya kula, na usimwache peke yake usiku hata kama anajiamini. Kikitokea kitu, aliyesaini rosta ni wewe.

PEPMIS, ule mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji wa watumishi, ijazeni pamoja. Kwetu mtandao unashika chini ya mparachichi nyuma ya maabara, Ijumaa sa tisa wote tunajikusanya pale na simu zetu, aliyesahau neno la siri anasaidiwa, na nusu ya malalamiko ya wiki yanasemwa pale pale bila kikao.

Mtu akiomba kuondoka, mume yuko Iringa mke yuko huku, usimfungie. Msaidie kutafuta wa kubadilishana nae, mpe neno zuri, ila ombi moja, amalize mwezi wa rosta.

Na rosta ya mwezi ikiisha usifungie maandazi. Mi zangu za miaka yote zipo kwenye bahasha za kaki na ile hesabu ya 8,760 imebanwa juu. Wakati wa kuandaa ikama nilienda nazo halmashauri nikazitandaza mezani, nikawaonyesha usiku ambao leba ilishikwa na mtu mmoja aliyekuwa kazini toka asubuhi. Niliomba wakunga wanne, wakaja wawili. Sasa hivi naandaa bahasha ya kuombea hao wawili waliobaki.