Mkeka Unaometameta: Jinsi Ninavyotuliza Picha Zinazosogea

Jirani aliniomba nimuunganishie video ya picha za marehemu babu yake, ya kuonyeshwa siku ya arobaini. Katika picha moja mzee amekaa mkekani, nyuma yake paa la makuti. Nilipoisogeza polepole ndani ya video, mkeka ukameta kama dagaa juani.

Kosa lilikuwa langu. Picha niliiskani ikawa pikseli (vile vidoti vinavyounda picha) 6000 kwa 4000, na video ni 1920 kwa 1080. Ikibanwa hivyo, mistari ya miyaa inakuwa myembamba kuliko pikseli moja. Kwenye fremu hii, yaani picha moja kati ya zile zinazofuatana kuunda video, mistari inaonekana, kwenye ile inapotea. Kwa hiyo punguza picha kwanza, kwenye programu ya picha, ndipo uiingize kwenye video. Ukipanga kuikuza hadi asilimia 120, upana unaohitaji ni 1920 mara 1.2, yaani 2304. Basi.

Ikiendelea kuchezacheza, tia ukungu kidogo sana, kama nusu pikseli, kwenye mkeka na makuti tu. Uso siugusi, wajukuu wanakuja kumwona babu, si mkeka. Na usiongeze ukali, hata picha ikiwa imechakaa vipi.

Mwendo wa picha uanze taratibu, uishe taratibu.

Wakati wa kutoa video, chagua fremu nzima (progressive), si zile zilizogawanywa mistari kwa mistari (interlaced). Halafu itazame kwenye runinga itakayotumika. Kale kadirisha ka kutazamia kazi kwenye programu ya video hukuonyesha picha ya ubora wa chini, kakakutia wasiwasi wa bure.