Jinsi ya kupata makala za risechi ukiwa geto, bila kulipa hata mia

Jamani wanachuo wa Mwanza, mlioko Malimbe, Nyegezi mpaka Bugando, msilipie makala. Mdogo wangu anaandika risechi ya dagaa, juzi kaniomba dola 30 anunue makala moja ya kurasa nane, nikamwambia tulia kwanza, hela ya boom yenyewe haifiki mwisho wa mwezi.

Kwanza nenda kwa mkutubi, ana kwa ana, mpe shikamoo yake halafu muulize, naingiaje kwenye majarida ya chuo nikiwa nyumbani? Vyuo vyetu vingi vinapata majarida kupitia Research4Life, mpango wa kuzipa taasisi za nchi kama zetu majarida bure au kwa bei ndogo, humo ndani kuna Hinari ya mambo ya afya na AGORA ya kilimo na uvuvi, kwahiyo jarida ambalo wengine wanauziwa wewe unasoma bure kwa paswedi ya chuo. Ila hiyo paswedi usiirushe kwenye grupu la WhatsApp, wakiifunga tunaumia wote.

Sasa kwenye kutafuta ndo wengi wanakwama. Dogo alikuwa anaandika "dagaa" tu anapata vitu viwili vitatu, tukakaa kibarazani na simu yake tukaandika jina la kisayansi, "Rastrineobola argentea", ndani ya alama za kunukuu ili maneno yasiachane, aisee zikamiminika, mpaka za Kenya na Uganda, maana wenzetu kule wanamwita omena na mukene na samaki ni yule yule. Ile ya dola 30 ilikuwemo, bure kabisa. Gugumaji nalo lina majina mawili, la zamani Eichhornia crassipes na la sasa Pontederia crassipes, tafuta yote, katikati weka OR, yaani "au", kwa herufi kubwa.

Imegoma kufunguka? Kopi kichwa chote peleka Google Scholar, ile Google ya makala za kitaaluma, angalia kulia kama kuna PDF. African Journals Online pia pitia. Ikishindikana kabisa mwandikie mwandishi imeili, wengi wanatuma.

Daunilodi kwa waifai ya chuo, sio bando lako, na faili lipe jina la mwandishi na mwaka hapo hapo.

Na rafu msizisahau, kama maktaba yenu inapanga vitabu kwa namba za mada za Dewey basi uvuvi uko 639.2. Halafu ulizia risechi za waliomaliza miaka ya nyuma, zingine zipo kabatini tu hazijaskaniwa, huko mtandaoni utatafuta mpaka kesho hutaziona.