Namna ya Kukokotoa Uniti za Muda katika Ankara ya Nusukaputi

Mgeni anapofanyiwa operesheni hapa Unguja, na bima yake ikataka ankara ya nusukaputi kwa utaratibu wa Marekani, karani hujumlisha uniti za msingi, zinazopangwa kwa uzito wa operesheni, na uniti za muda, kisha huzidisha jumla hiyo kwa bei ya uniti moja. Uniti moja ya muda ni dakika 15.

Muda huanza pale mtaalamu wa usingizi anapoanza kumtayarisha mgonjwa kwa nusukaputi, ndani ya thieta au mahali palipotengwa kwa kazi hiyo, wala si pale daktari anaposhika kisu. Nao humalizika mgonjwa anapokabidhiwa salama kwa wauguzi wa chumba cha kuzindukia. Uchunguzi wa kabla ya operesheni umeshalipiwa ndani ya uniti za msingi, kwa hiyo usiuhesabu tena. Dakika ambazo mtaalamu hakuwa na mgonjwa huondolewa.

Tuchukue nusukaputi iliyoanza saa 1:48 asubuhi na kumalizika saa 3:05. Usizitoe saa hizo kwa kikokotoo kama desimali, maana utapata 1.57, jawabu lisilo na maana yoyote katika saa. Hesabu hivi: hadi saa 2:00 ni dakika 12, hadi saa 3:00 ni 60 nyingine, kisha 5, jumla 77. Gawa kwa 15 upate 5.13. Medicare, bima ya serikali ya Marekani, huandikiwa dakika zenyewe, nayo hubakisha tarakimu moja baada ya nukta, yaani 5.1. Zikiwa uniti za msingi ni 6, na bei tuseme dola 20, ankara ni 11.1 mara 20, sawa na dola 222. Kampuni nyingine huhesabu dakika za ziada kuwa uniti nzima, hivyo soma mkataba kwanza.

Linaloniumiza khasa ni kuchanganya saa. Nimewahi kushika fomu ambayo mwanzo uliandikwa kwa mkono 1:48, kwa saa yetu ya Kiswahili, na mwisho ukanakiliwa 09:05 kutoka kwenye mashine. Aliyetoa bila ya kuangalia alipata dakika 437, na mgonjwa akadaiwa saa sita ambazo hakulazwa usingizi. Geuza nyakati zote ziwe za saa 24 kabla ya kutoa, na ukiwapo wakati usiosomeka kwenye fomu, mrudishie fomu hiyo mtaalamu aliyeijaza asahihishe na kutia saini.