SOMO: Pumu ya ngozi usoni, upake nini na uache nini bila kufilisika

Wakuu, salaam. Inboksi yangu imejaa swali moja: "Uso unawasha, umekauka, unatoka magamba, nipake nini cha bei ya kawaida?" Naandika mara moja, na atakayeniuliza tena namtumia linki hii. Mimi si daktari. Nina pumu ya ngozi tangu utotoni, na mengi ya haya nimeyatoa kliniki ya ngozi.

Hatua ya 1: Hakikisha ndiyo yenyewe. Usitafute ule wekundu wa kwenye picha za mtandaoni. Kwa ngozi nyeusi huonekana kahawia iliyokolea, zambarau au kijivu, pakavu, panawasha, na pakipoa panabaki doa jeusi au jeupe kwa wiki au miezi. Duara lenye ukingo ulioinuka na katikati pamepoa linaweza kuwa fangasi. Magamba yenye mafuta pembeni ya pua na kwenye nyusi, huku kichwani una mba, ni ugonjwa mwingine na dawa yake ni nyingine.

Hatua ya 2: Ondoa kila kitu. Seramu, skrabu, limao, dawa ya meno, manjano, liwa, singo. Vyote, hata alichokupa shangazi.

Hatua ya 3: Kunawa. Asubuhi maji matupu yanatosha, yasiwe ya moto. Sabuni ya kipande ina pH (kipimo cha uchachu na ukali wa magadi) ya 9 hadi 10 wakati ngozi ya uso iko kwenye 5 hivi, ndiyo maana ukimaliza kunawa uso unakuvuta. Sabuni ya mche waachie mashuka. Jioni tumia kisafishaji kisicho na harufu wala povu jingi. Ukikosa hela ya hicho, nenda famasi ukaulize "emulsifying ointment", chukua kiasi cha punje ya harage, koroga na maji kiganjani mpaka iwe nyeupe na nyepesi, paka, suuza yote. Dodoki lisiguse uso. Taulo unagusisha tu, husugui.

Hatua ya 4: Kupaka. Mafuta ya mgando yasiyo na harufu, kidogo, uso ukiwa bado na unyevu. Geuza kopo usome nyuma. Ukiona "parfum" au "fragrance", rudisha, hata kama mbele kuna picha ya mtoto mchanga anacheka. Mafuta mengi ya watoto yana manukato. Na "unscented" si sawa na "fragrance free": ya kwanza inaweza kuwa na manukato ya kufunika harufu nyingine. Kitu kipya chochote kijaribu kwanza ndani ya kiwiko kwa siku kadhaa.

Hatua ya 5: Tyubu za famasi. Hapa soma mara mbili, maana hapa ndipo nami nilipoharibu. Ukifika dirishani ukasema "uso unawasha", mara nyingi unapewa tyubu yenye dawa tatu ndani: ya bakteria, ya fangasi, na steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho. Unapaka usiku, kesho yake uso umetulia, unamwombea muuzaji dua. Ukiacha, muwasho unarudi kwa hasira kuliko mwanzo. Unapaka tena. Miezi inakwenda hivyo, na mwisho wake kwangu ulikuwa ngozi nyembamba inayong'aa mashavuni, pamoja na vipele vidogo kuzunguka mdomo ambavyo sikuwa navyo kabla.

Steroidi si sumu, tatizo ni mahali na nguvu. Ngozi ya uso ni nyembamba na inanyonya dawa kuliko ya mkono. Usoni daktari huanza na dawa hafifu, mara nyingi hydrocortisone ya asilimia 1, kwa siku chache, kisha anakuachisha. Ukiona kwenye tyubu clobetasol, betamethasone au mometasone, usipake usoni kwa ushauri wa dirishani. Kwenye kope ndiyo kabisa: ikitumika muda mrefu karibu na macho inaweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Na kama kumbe lilikuwa fangasi, steroidi inalificha huku linasambaa.

Ukiwa umeshapaka kali kwa miezi, usiache ghafla peke yako. Nenda kliniki na tyubu yenyewe mkononi.

Hatua ya 6: Jua. Kofia. Losheni ya jua ikibidi, tafuta yenye zinki, isiyo na harufu.

Vipele vya maji vinavyouma, vinavyotoka ghafla juu ya sehemu yenye pumu ya ngozi, hasa pamoja na homa: hiyo si ya mtandaoni. Hospitali siku hiyo hiyo.

MASWALI YA WANACHAMA

Kidume_Tegeta: Mkuu sijasoma yote, kwa kifupi nipake nini?

Mleta somo: Hatua ya 4. Ila anzia ya 1.

Bint_Makorora: Dada, mgando nimejaribu, naona natoka vichunusi kuzunguka mdomo. Au ngozi yangu haiupendi?

Mleta somo: Mdogo wangu, kabla ya mgando ulikuwa unapaka nini?

Bint_Makorora: Ile tyubu ya dawa tatu, kama miezi minne. Nimeacha wiki iliyopita baada ya kuambiwa na rafiki.

Mleta somo: Basi usiulaumu mgando haraka. Vipele vya kuzunguka mdomo hutokea sana kwa waliopaka steroidi usoni, na ukiacha huongezeka kwanza kabla ya kupungua. Watu wengi hapo hurudi kwenye tyubu wakidhani imewakomboa. Usirudi. Nenda kwa daktari wa ngozi, mwambie jina la dawa na muda uliopaka; kuna vidonge na dawa za kupaka za kukuvusha. Kwa sasa punguza hata mgando kuzunguka mdomo. Na uliza kuhusu tacrolimus: si steroidi, hutumika usoni mpaka kwenye kope. Bei yake si ya kuchekea na siku za mwanzo inachoma, ila haifanyi ngozi iwe nyembamba.

Mkongwe1979: Acheni kutisha watu. Hiyo tyubu natumia miaka na niko fiti. Wewe mwenyewe umesema si daktari.

Mleta somo: Nimesema, na ndiyo maana nawapeleka kwa daktari. Wewe unawapeleka wapi? Unaipaka usoni kila siku au mguuni ukiumwa na mbu? Jibu hilo kwanza.

Mkongwe1979: Mguuni.

Mleta somo: Haya.

Queen_wa_Mbagala: Kuna losheni Kariakoo inatoa madoa siku tatu, inafaa kwa pumu ya ngozi?

Mleta somo: Hapana. Kinachofuta madoa kwa siku tatu ni steroidi kali, haidrokwinoni au zebaki. Hizo mbili za mwisho zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania. Madoa ya pumu ya ngozi yanaondoka yenyewe taratibu muwasho ukitulizwa.

MamaWawili: Shukrani kwa somo. Mwanangu ana miezi minane, mashavu yamekauka na yanatoa maji kidogo. Bibi yake anataka tupake mafuta ya nazi, jirani anasema zeituni. Pia naambiwa niache kumpa mayai.

Mleta somo: Swali zuri, mama. Nazi iliyokamuliwa vizuri, bila manukato, watoto wengi wanaivumilia. Jaribu sehemu ndogo kwanza, na sehemu inayotoa maji usiiguse na mafuta mpaka aonwe, inaweza kuwa imeingia bakteria. Zeituni mwambie jirani aweke kwenye kachumbari: imepimwa kwenye ngozi na ikaonekana inadhoofisha ule ukuta wa juu. Mate nayo yanachoma mashavu, kwa hiyo kabla ya kumlisha paka mgando kidogo kuzunguka mdomo, akimaliza futa kwa maji. Mayai usimkatie kwa kubahatisha. Kama anavimba au kutapika akila, hilo ni la daktari. Kama hapana, mwache ale.

Kijana_wa_Ngaramtoni: Huku kwetu kliniki ya ngozi iko wapi? Na "aqueous cream" vipi, ni rahisi sana.

Mleta somo: Uko karibu na pazuri. Hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, wanapokea wagonjwa, uliza utaratibu wa rufaa. Aqueous cream nawia kisha suuza, usiiache usoni. Ndani ina sodium lauryl sulfate, ile ya kutoa povu, na mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa tahadhari kuihusu mwaka 2013. Emulsifying ointment nayo inayo, ndiyo maana nimesema suuza yote.

Nahodha_Kigamboni: Maji yetu ya kisima yana chumvi, sabuni haitoi povu. Inachangia?

Mleta somo: Inaweza. Maji magumu na sabuni huacha utando kwenye ngozi, na tafiti za watoto zinaonyesha pumu ya ngozi iko zaidi kwenye maji ya aina hiyo. Mwili ogea hayo hayo, uso suuza kwa kikombe cha maji ya mvua au ya bomba.

Salma_msusi: Nyongeza, mimi ni msusi. Wateja wenye ngozi hii paji la uso huwaka wakisuka rasta. Naziloweka kwenye maji ya siki, nasuuza, naanika, ndiyo nasuka.

Mleta somo: Ubarikiwe, hiyo nilikuwa siijui. Ongeza piko na rangi za nywele, maana kemikali yake inaweza kuwa ile ile: anayevimba uso baada ya piko asiguse tena rangi nyeusi ya nywele bila kuuliza daktari.

MamaWawili: Na foronya? Zangu zimejaa mafuta ya mgando.

Mleta somo: Fua kwa maji ya moto, na bado mafuta hayatoki yote. Kitambaa kilichonyonya mgando kinashika moto upesi, kwa hiyo khanga unayofutia uso usiende nayo jikoni kwenye mkaa, na anayevuta sigara asiivutie kitandani.