Somo: Kiwanda kimefungwa, udongo bado una sumu. Tuanzie wapi?

Owino Uhuru, pale Mikindani, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifungwa 2014. Watu walishangilia. Lakini risasi (kwa Kiingereza lead), sumu iliyotoka kwenye betri hizo, ni metali, haiozi. Iliyotua uani ilibaki uani, kuku wakaiparua, watoto wakaichezea. Ndiyo maana leo nafundisha kusafisha, si kufunga. Nitashika sheria za Kenya.

1. Pimeni kwanza. Chukueni udongo wa juu tu, sentimeta chache za mwanzo, maana huo ndio unaoshikwa na mikono ya watoto. Chukueni mlangoni, karibu na kisima, kwenye mtaro uliopitisha maji ya kiwanda, na sehemu moja ya mbali ya kulinganishia. Kila sehemu kijiko chake kipya cha plastiki, la sivyo mtaihamisha sumu wenyewe. Kila mfuko uandikwe tarehe, saa na mahali, na mzee wa mtaa atie sahihi. Wakili wa upande wa pili huanza na mfuko usio na maandishi. Pelekeni kwa Mkemia wa Serikali au maabara iliyoidhinishwa, na mbaki na nusu ya kila sampuli.

2. Daini karatasi. Ripoti ya athari kwa mazingira, leseni ya NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira), ripoti za ukaguzi. Ziombeni kwa barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Barua yaweza kuwa ya Kiswahili, sheria yenyewe yasema hivyo, kwa hiyo karani asiwarudishe. Jibu ni ndani ya siku 21. Habari ikigusa uhai wa mtu, saa 48. Nakala yenu igongwe muhuri.

3. Ombeni agizo. Sheria ya mazingira ya 1999, EMCA, inaipa NEMA uwezo wa kumwamuru aliyechafua arudishe ardhi ilivyokuwa. Litajeni kwa jina: agizo la kurejesha mazingira. Mkiandika "tunaomba msaada" mtaletewa mkutano na soda.

4. Ingieni kwenye mpango wa kusafisha. Hapa ndipo wengi hulala. Udongo ukichimbwa, unapelekwa wapi, na huko hakuna watu? Ukifunikwa, ni kwa udongo safi au kwa simiti? Vumbi la siku ya kuchimba je? (Udongo hulowanishwa kwanza, lori hufunikwa turubai.) Mabati yanayokinga maji ya mvua yataoshwa na nani? Kwenye baraza la chifu msitie sahihi orodha ya mahudhurio mkaondoka. Kesho itasomwa kwamba mmekubali. Pelekeni maoni kwa maandishi, na mdai wakazi wawepo vipimo vya mwisho vikichukuliwa.

5. Mahakama ya Mazingira na Ardhi, mkizungushwa.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, mwenye kiwanda ametoweka. Tumdai nani?*
Ofisi iliyompa leseni nayo hudaiwa. Katika kesi ya Owino Uhuru, NEMA ilikuwa miongoni mwa walioshtakiwa. Hukumu ya 2020 iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na walioshtakiwa wakapewa miezi 4 kusafisha, la sivyo watoe milioni 700 ili walalamishi wasimamie usafishaji wenyewe. Ukidai, dai hivyo: tarehe, na kiasi cha kulipwa tarehe ikipita. Ila uwe na subira, kaka. Mahakama ya Rufaa iliitengua fidia hiyo 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024.

*Mimi ni mpangaji tu, sina hati. Nina sauti?*
Unayo. Kifungu cha 42 cha Katiba kinasema "kila mtu", hakisemi mwenye shamba. Na kifungu cha 70 hakikutaki uthibitishe kwamba umeshaumia. Phyllis Omido, aliyeongoza vita vya Owino Uhuru, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hichohicho. Alianza baada ya mwanawe kukutwa na risasi damuni.

*Wanangu wanacheza hapo sasa hivi. Nifanyeje?*
Mama, usingoje mahakama. Wapimwe damu, Shirika la Afya Duniani linasema ikifika mikrogramu 5 kwa desilita, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Wanawe mikono kabla ya kula, viatu vibaki nje, na nyumba idekiwe kwa maji badala ya kufagiwa kavu. Na ile sukuma wiki ya uani, ing'oe, imeota kwenye udongo huohuo.